Munyiva na Stika ya Pentium

Ukitaka kumjua Munyiva mke wa Kiema, mtazame akinunua nyanya. Atachagua zile nzuri, ngumu, nyekundu, azitie kwenye kikapu kwa ajili ya mumewe na mtoto wao Katee. Halafu atarudi kwenye rundo, atafute moja iliyobonyea, aiweke juu na kumwambia muuzaji kwamba hiyo ni yake mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Mtu akimwona hushindwa kuamua kama acheke au amgombeze, na watu wengi wa Kitengela waliishia kufanya yote mawili.

Alitoka Makueni akiwa msichana aliyejua kupiga chapa, akapata kazi kwa mpimaji mmoja wa mashamba pale Kajiado mjini, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Alikuwa na vidole vyepesi. Mpimaji alipofunga ofisi, Munyiva aliomba auziwe taipureta ya zamani, akahamia nayo Kitengela, kwa kuwa Kiema alikuwa amepata kazi ya kupakia magunia ya simiti kule Athi River. Wakati huo Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na nyumbu walipita nyuma ya nyumba bila kuomba ruhusa ya mtu. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua viatu mchana kweupe. Munyiva alikodi chumba cha mabati kwa mama mmoja mwenye ploti aitwaye Virginia, akaweka meza na benchi, akaanza kazi.

Ikawa ukitaka barua ya kumfanya chifu akuangalie mara mbili, unaenda kwa Munyiva. Ploti zilipoanza kuuzwa kama njugu, wauzaji na wanunuzi walikaa bega kwa bega kwenye benchi lake wakingoja makubaliano yao yapigwe chapa. Alipiga kadi za harambee, mitihani ya shule na programu za mazishi. Taipureta ilipochoka alinunua kompyuta iliyokwisha kutumiwa na watu wengine, ikinguruma kama posho mill ya kusagia mahindi, lakini barua zilitoka safi na yeye hakulalamika.

Kilichomletea tamaa ni picha. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, watu walianza kutaka picha kubwa ya marehemu kwenye ukurasa wa kwanza wa programu, na wengi wa wale marehemu hawakuwa wamepigwa picha maishani mwao ila ile ya kipande. Familia ilikuja na kitambulisho kilichokunjika, uso mdogo kuliko stampu, wakamwuliza, "Hii unaweza kuifanya ikuwe kubwa?" Munyiva aliwatuma Nairobi. Siku moja alimsindikiza huko Virginia, aliyebeba picha ya marehemu baba yake yenye mkunjo uliopita katikati ya pua. Msichana wa dukani aliufuta ule mkunjo polepole kwenye kompyuta, akayaangaza macho, na mzee akarudi kana kwamba ametoka tu kunawa uso. Virginia alilia hadharani. Munyiva hakumtazama Virginia hata kidogo. Alikuwa akiutazama mkono wa yule msichana.

Alirudi nyumbani akaisimulia habari hiyo wakati wa chakula. Kesho yake akaisimulia tena. Hakusema anataka kitu, maana Munyiva na neno "nataka" hawakuwa wamewahi kutambulishwa. Lakini Kiema alikuwa na masikio.

Kiema alistaafu mwaka wa elfu mbili na nne, akiwa ameacha mgongo wake wote kwenye magunia. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kujigamba kidogo akishashiba. Alipopata malipo yake alimwita mkewe, akamwekea bahasha mapajani.

"Hii ni ya kompyuta, Mama Katee. Si ya nyumba, si ya karo. Nunua ile ya juu kabisa, ya kutengeneza picha. Usiniletee kitu ingine."

"Baba Katee, hii ni nyingi."

"Nimekwambia ya juu kabisa."

Angekwenda naye, mambo yangekuwa mengine. Lakini asubuhi ile mgongo ulimkatalia kuinuka kitandani, naye Munyiva akaenda peke yake. Kumwacha Munyiva peke yake na pesa za kununulia kitu chake mwenyewe ni kosa ambalo mtu aliyeishi naye miaka yote ile hakupaswa kulifanya.

Duka la kompyuta pale Kitengela lilikuwa la Njogu, kijana nadhifu, mwenye maneno machache kuliko wafanyabiashara wengine wa mtaa ule. Aliziweka mashine mbili juu ya kaunta. Kwa nje zilifanana kama mapacha: kasha lile lile jeupe, kitufe kile kile, taa ile ile ya kijani.

"Tofauti iko ndani, kwa prosesa," Njogu akasema. "Hapo ndipo inafikiria. Hii iko na Celeron, ya bei ya chini. Hii iko na Pentium 4, na ndiyo kali."

"Hii ya chini iko na shida gani?"

"Haina shida, mama. Ni kama jiko ya sufuria moja. Unataka ugali, utapika ugali, lakini mboga ingoje. Barua, agreement, kadi, itafanya zote bila kukusumbua. Lakini ukitaka picha kubwa kubwa, utangojangoja. Hii ingine unapika yote pamoja."

Akafungua picha ya mtoto wake kwenye mashine zote mbili. Kwenye Celeron mtoto alijitokeza kuanzia nywele, halafu paji, halafu macho, kama mtu anayepanda ngazi. Kwenye Pentium alitokea mzima mzima, akicheka. Njogu akamwachia Munyiva ile mausi. Munyiva akaivuta picha, akaipanua mpaka jicho la mtoto likajaa kioo, akairudisha, akaipanua tena. Aliitaka ile mashine. Tuseme ukweli, aliitaka kama alivyokuwa hajataka kitu tangu azaliwe, na ni hapo hasa alipoogopa. Alipoona anataka, mara akaanza kukumbuka shida za watu wengine.

Alikumbuka godoro. Godoro lao lilikuwa limezama katikati kama karai, na kila alfajiri Kiema aliinuka kwa awamu: kwanza kiwiko, halafu goti, halafu mguno. Karibu na duka la Njogu kulikuwa na mahali palipouzwa magodoro magumu ya watu wa mgongo. Munyiva alipiga hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuipiga, akaona kwamba Celeron na godoro vinaingia vizuri katika bahasha moja.

"Nipe hii ya chini," akasema.

Njogu alishangaa. "Mama, si uliniambia ni ya picha?"

"Ni ya barua zaidi." Akatazama pembeni. "Lakini niko na ombi. Hiyo stika ya Pentium, uko na moja haina kazi?"

Njogu hakutaka. Alisema jambo kama hilo linaweza kumharibia jina. Munyiva akamweleza habari ya mgongo, akamweleza alivyo Kiema, kwamba akijua atalirudisha godoro dukani akiwa amelibeba kwa mgongo ule ule. Mwishowe Njogu akabandua stika kwenye mashine moja iliyokufa, akaibandika kwenye kasha jipya, akiguna. Akaapa kwamba hatamwambia mtu.

Kuhusu godoro, Munyiva alimwambia mumewe kwamba akina mama wa chama cha kanisani walimpa zawadi. Kiema akawaombea akina mama wale baraka kwa sauti kubwa, kabla ya kulala na baada ya kuamka. Wiki chache baadaye alikuwa akiinuka kama mtu mwenye mifupa yake yote.

Na jinsi alivyoringa na ile mashine! Kiema alikuwa hajui prosesa ni mnyama gani, lakini jina alilikariri. Kwenye bucha, kanisani, kwa kinyozi, ilikuwa ni Pentium 4 tu. Aliwaleta watu waione stika. Alikuwa akiifuta vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe na kusema, "Hii ni ya bibi yangu. Ya juu kabisa." Munyiva alisikia kila mara akiwa ameinamia kibodi, na kila mara alipiga herufi isiyokuwamo. Kazi za barua ziliendelea vizuri. Kazi za picha alizipokea chache, ndogo ndogo, na zile kubwa akaendelea kuzituma Nairobi kwa visingizio.

Siku ya siku Kiema akaja na picha yake. Ilikuwa ya mamake, Ndulu, aliyefariki mwaka wa tisini na mbili. Picha pekee, imeliwa na unyevu upande mmoja, amesimama mbele ya kanisa akiwa ameshika Biblia. Kiema aliitoa kwenye gazeti kama mtu anayetoa yai.

"Nimengoja upate kuizoea hiyo mashine," akasema. "Sasa nitolee Mama."

Munyiva akaipitisha kwenye skana, akaanza. Kiema akavuta benchi, akakaa karibu sana. Kila Munyiva aliposogeza kitu, mashine ilisimama kuwaza. Kile kimstari cha kungojea kilitambaa, kikatulia, kikatambaa. Mchana uliisha na Ndulu alikuwa amepata sikio moja tu.

"Iko nini?" Kiema akauliza. "Hii si ndiyo ile kali?"

"Picha ni kubwa," Munyiva akasema. "Inahitaji subira."

Kiema alitazama stika, akatazama kioo, akatazama stika tena, na usiku ule alinyamaza kwa namna ambayo Munyiva aliichukulia kuwa ni kumkumbuka mama.

Asubuhi Munyiva alichelewa kidogo kufika kazini. Alimkuta mteja wake Kisemei, mfugaji aliyekuwa akiuza ploti kandokando ya barabara, amekaa kwenye benchi peke yake. Mezani palikuwa na kioo na kibodi, na kati yao mraba usiokuwa na vumbi, pale mashine ilipokuwa.

"Sopa, Mama Katee," Kisemei akasema. "Mzee wako amekuja na mkokoteni, amebeba hiyo kitu. Amesema kuna mwizi anaenda kuonyeshwa dunia."

Munyiva hakumwitikia hata salamu. Alitoka mbio na mkoba mkononi, mama mzima, akiruka madimbwi.

Watu walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni kwa Njogu. Kiema alikuwa amesimama mbele ya kaunta, kasha likiwa wazi, fundi wa jirani amekwisha kumwonyesha kwamba ndani ni Celeron, na sauti yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya chini, ilisikika mpaka upande wa pili wa barabara.

"Bibi yangu alikuja hapa na pesa ya jasho yangu! Nimebeba simiti mpaka nimepinda, ndio umuuzie takataka na stika juu? Kwa sababu ni mama, ukaona hajui? Wewe ni mwizi, kijana. Nasema mbele ya watu wote, wewe ni mwizi!"

Watu wakaguna. Mmoja akasema hata yeye aliuziwa redio pale na haishiki stesheni. Munyiva alijipenyeza, akamwona Njogu. Kijana alikuwa amesimama wima, mikono juu ya kaunta, midomo imekauka. Alikuwa na neno moja tu la kujiokoa, na hakulisema. Alimtazama Munyiva, halafu akateremsha macho, kwa sababu alikuwa ameapa.

Pale ndipo Munyiva alipoona kitu ambacho miaka yote hakuwa amekiona. Siku zote alidhani kwamba akijipunguzia, anayepungukiwa ni yeye peke yake. Sasa palikuwa na kijana wa watu akiitwa mwizi kwa ajili ya wema wake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuunguza masikio.

"Baba Katee, mwache," akasema. "Hajakuibia. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi nilichagua ya bei ya chini. Yeye alinionyesha ile ya juu, alinibembeleza hata. Stika nilimwomba mimi." Akameza mate. "Pesa zile zingine nilinunua godoro. Chama haikutoa godoro yoyote."

Kiema alisimama akiwa ameshika kifuniko cha kasha, asijue akiweke wapi.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "miezi hii yote nimekuwa nalalia kompyuta yako."

Watu wakaangua kicheko, hata yule wa redio. Kiema hakucheka. Alikiweka kile kifuniko chini, akamgeukia Njogu, akaivua kofia yake.

"Kijana, nimekukosea mbele ya watu, na nakuomba msamaha mbele ya watu. Nyinyi wote mmesikia. Huyu si mwizi."

Njogu akasema yamekwisha, mzee. Wale watu, walipoona hakuna vita tena, wakatawanyika mmoja mmoja. Kiema akatoka, akaketi kwenye ngazi ya duka. Munyiva akaketi kando yake, na wakatazama malori ya Namanga yakipita.

"Ungeniambia," Kiema akasema.

"Ungekataa godoro."

"Ningekataa, ndio."

"Sasa unaona."

"Sioni kitu." Alikuwa amekasirika, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyeumizwa na anayempenda. "Mama Katee, nikuulize. Shingo ya kuku. Unaipenda kweli?"

Munyiva akayageukia malori tena.

"Jibu."

"Si sana."

Kiema akajishika kichwa. "Ai! Mimi nimekuwekea hiyo shingo miaka yote. Katee akiwa mdogo nilimpiga kofi ya mkono kwa sababu aliishika. Nikamwambia, hiyo ni ya mamako, ndiyo anapenda!"

Munyiva alicheka mpaka akapinda, na katikati ya kucheka akajikuta analia, asijue vimebadilishana lini. Kiema akamngoja amalize.

"Unajua unanifanya nini?" akasema. "Unanifanya mtu wa kupewa tu. Nilibeba magunia, na nikiwa chini ya gunia nilikuwa nafikiria siku moja nitakupa kitu kizuri, kizima, na nikuone ukikishika. Nikikupa, unazunguka na mlango wa nyuma unanirudishia. Mimi sijawahi kukuona ukiwa umefurahi na kitu yako. Nitakufa kabla sijaona?"

Maneno hayo yalimwingia Munyiva mahali ambapo hakuna neno lililokuwa limefika. Alimshika mumewe mkono, mkono mgumu uliopasuka kwa simiti.

"Na picha ya mama?" akauliza mwishowe.

"Mama amengoja tangu tisini na mbili. Hata mwezi mwingine atangoja." Kiema akautazama mkoba wa mkewe. "Hapo uko na nini?"

Munyiva akaubana mkoba kwapani. Ndani yake kulikuwa na pesa zake za kazi, alizoweka kidogo kidogo. "Hizi ni za kitu ingine."

"Kitu gani?"

"Koti yako. Kitengela iko na baridi asubuhi."

"Sina baridi," Kiema akasema.

"Lakini Julai..."

"Munyiva." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Katee azaliwe. "Sina baridi."

Wakaingia tena ndani. Njogu alikuwa akiipangusa ile mashine kwa brashi ndogo. Alieleza kwamba si lazima kununua mashine nyingine; ataichomoa na kuichukua ile Celeron, atie Pentium 4 mahali pale pale, na Munyiva aongeze tofauti ya bei tu. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Au wakipenda, akasema, aifunge kama ilivyo. Barua zitaendelea kutoka vizuri tu.

"Kwa hivyo tufanye nini?" akauliza.

Munyiva alimgeukia mumewe. Kiema alikuwa amempa kisogo. Alikuwa amesimama mlangoni akikagua bango la karatasi za kuchapia, kwa umakini wa mtu asiyeweza kusoma hata neno moja bila miwani, na miwani ilikuwa nyumbani. Hakugeuka.

Mkoba ulikuwa mzito. Munyiva aliufungua, akaufunga, akaufungua. Alimfikiria Katee na chuo, akalifikiria paa, akalifikiria koti la kijivu alilolitazama dirishani kila alipopita. Vyote vilikuja mbio, kila kimoja na sababu yake nzuri. Akavingoja vipite.

"Weka ile kali," akasema.

Njogu akatabasamu, akavuta kitabu cha risiti. "Ile ya kwanza niliandika jina la mzee. Hii niandike ya nani?"

"Andika Munyiva," akasema, kwa sauti ya mtu anayechukua kipande kikubwa kwenye sinia akihofia kuambiwa akirudishe. Akangoja. Hakuna aliyemwambia.